Baiskeli ya Milimani Inapolia: Kuitafuta na Kuibadilisha Beringi ya Kiungo Iliyochakaa

Baiskeli ya milimani yenye shokapu ya nyuma inapoanza kulia, sikio ndilo shahidi asiyeaminika kuliko wote. Fremu ni mabomba matupu yaliyounganishwa, na bomba tupu hubeba sauti kama ngoma inavyobeba pigo: kinachosuguana karibu na gurudumu la nyuma husikika kana kwamba kiko chini ya miguu, na kinachoalika chini ya tandiko husikika kana kwamba kiko kwenye usukani. Mwenye baiskeli akiifuata sauti bila kufanya majaribio, hununua kipuri kimoja baada ya kingine, na mlio unabaki palepale.

Kazi hii naifanya Mbale, ambako baiskeli za aina hii hushuka kutoka Sipi na Kapchorwa zikiwa na udongo wa Mlima Elgon uliokauka katika kila pembe. Kijana mmoja anayewaongoza wageni kwenye njia za huko juu aliniletea ya kwake akasema, "Mzee, nimebadilisha cheni, nimebadilisha pedali, na beringi za ekseli ya pedali ni mpya, lakini kila nikipanda mlima inalia." Nilimwomba ashuke, nikashika breki ya mbele, nikaweka kiganja juu ya fremu nikaigandamiza mara tatu. Ililia mara tatu, imesimama, bila pedali kuguswa. Fedha yote aliyokuwa ametumia ilikuwa imekwenda kwenye sehemu zisizokuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa beringi mbili ndogo za kiungo kikuu, pale mkono wa nyuma wa fremu unaposhikana na fremu ya mbele.

Kuutenga mlio

Safisha baiskeli kwanza, kisha kagua kama bolti zote za viungo zimekazwa kwa kiwango kilichoandikwa juu yake au katika kitabu cha fremu. Hatua hii hudharauliwa, lakini bolti iliyolegea hulia sawasawa na beringi iliyokufa, na dawa yake ni dakika kumi za kazi. Ukiikuta bolti imelegea, usiikaze tu na kuondoka. Itoe, ifute, itie gundi ya hesi, ndipo uikaze, kwa maana iliyolegea mara moja bila sababu italegea tena.

Baada ya hapo, iondolee baiskeli mzigo mmoja mmoja hadi mlio unyamaze. Shuka mteremko mdogo bila kukanyaga pedali, ukiwa umesimama juu yake na kuichezesha shokapu kwa uzito wa mwili. Mlio ukitokea, pedali, cheni na ekseli ya pedali zimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Kisha kanyaga kwa nguvu ukiwa umeketi, na baadaye ukiwa umesimama. Unaolia ukiwa umeketi na kunyamaza ukisimama hutoka kwenye tandiko, kwenye reli zake, au kwenye bomba la tandiko lililokauka ndani ya fremu. Huo hauna uhusiano na viungo, na mara nyingi huisha kwa kulitoa bomba, kulifuta na kulipaka grisi, au, ikiwa fremu ni ya kaboni, dawa maalumu ya kaboni yenye chembechembe. Ukisimama kando ya baiskeli, ukashika breki ya mbele na kuusukuma usukani mbele na nyuma, mlio unaotokea hapo ni wa kichwa cha usukani.

Jaribio la kugandamiza, lile nililomfanyia yule kijana, lina mtego wake. Ukigandamiza tandiko, unalibebesha mzigo bomba la tandiko pamoja na viungo, na hutajua kinacholia ni kipi. Gandamiza fremu yenyewe, karibu na kibano cha bomba hilo. Mwenzako naye aweke ncha ya bisibisi ndefu kwenye kichwa cha bolti ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, na mpini wake auegemeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kiungo kizima kitasikika kama upepo tu, lakini kile kibovu kitaalika ndani ya kichwa chake kwa namna ambayo hatahitaji kuambiwa mara ya pili.

Lipo tatizo moja linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Mguu unapoikanyaga pedali kwa nguvu, fremu hujipinda kidogo upande, na beringi ya kiungo kikuu, ambayo kwa kawaida iko karibu sana na ekseli ya pedali, hubeba msokoto huo. Kwa hiyo kiungo kibovu kinaweza kunyamaza ukigandamiza wima na kulia tu ukipanda mlima, kwa mpigo uleule wa pedali. Hapo ndipo watu wengi hubadilisha beringi za ekseli ya pedali bure. Ili kuzitofautisha, shika breki zote mbili, iinamishe baiskeli kidogo upande wako, weka pedali chini kabisa na uigandamize kwa mguu huku vidole vyako viwili vikiwa vimegusa kwa pamoja fremu ya mbele na mkono wa nyuma, palipo na ufa mwembamba kati yao. Kidole huhisi mshtuko mdogo sana ambao jicho haliuoni. Ukiuhisi, kiungo ndicho kinacholia.

Dalili na kinachozileta

Mlio mzito wa kualika unaokuja kila shokapu inapobonyea kwa kawaida ni wa beringi iliyokauka au iliyoingia kutu, au wa pete ya nje inayosogea ndani ya tundu lake. Mlio mwembamba kama wa panya, unaosikika zaidi baada ya kuosha, mara nyingi ni sili, yaani kifuniko cha mpira cha beringi, inayosugua ikiwa kavu. Huo haudai beringi mpya, kwani tone la mafuta kwenye mdomo wa sili huunyamazisha, na ukirudi baada ya siku chache bila kuzidi, sili hiyo bado inafanya kazi yake.

Mlio mmoja mkavu wa kugonga unaosikika ukiinua baiskeli kwa kushika tandiko, kabla gurudumu la nyuma halijaachana na ardhi, hutoka mara nyingi kwenye bushi za shokapu, yaani zile pete laini zilizo katika macho yake mawili ya juu na ya chini. Bushi hizo huchakaa mapema kuliko beringi na ni rahisi kubadilisha. Weka kidole kwenye jicho la shokapu, mwenzako ainue na kushusha tandiko kwa milimita chache, na utahisi kucheza kwake mara moja. Ni vyema kuzimaliza hizi kwanza kabla ya kugusa kiungo chochote, kwa sababu kucheza kwa bushi hufunika kucheza kwa beringi.

Gurudumu la nyuma likicheza upande kwa upande unapolishika juu na kulivuta kuelekea bomba la tandiko, usikimbilie viungo. Kaza ekseli ya gurudumu, kisha jaribu tena ukiwa umeshika mkono wa nyuma badala ya gurudumu. Kama mkono umetulia na gurudumu bado linacheza, beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, ndizo zilizochoka. Kama mkono wenyewe unacheza dhidi ya fremu ya mbele, tazama kiungo kikuu, halafu linki, yaani vipande vifupi vinavyouunganisha mkono wa nyuma na shokapu.

Ipo dalili isiyolia kabisa, nayo ni mbaya kuliko zote. Shokapu inakuwa ngumu mwanzoni mwa mwendo wake, vijiwe vidogo vinaanza kuhisika mgongoni, na mwenye baiskeli anapunguza upepo akidhani ameujaza mno. Chanzo huweza kuwa beringi iliyoganda kwa kutu hata haizunguki tena. Baiskeli inaendelea kutembea kwa sababu ekseli ya kiungo sasa inazunguka ndani ya pete ya ndani ya beringi, alumini juu ya chuma, na kila safari inaila ekseli hiyo. Beringi ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na ekseli ya kiungo, ambayo ni ya fremu yako peke yake na kwetu Uganda huagizwa kutoka nje na kusubiriwa kwa majuma. Anayenyamaza kwa sababu baiskeli yake hailii, ilhali maji ya rangi ya kutu yanachuruzika chini ya bolti ya kiungo kila akiiosha, atalipa ghali.

Kabla ya kufungua chochote, pitisha kitambaa na tochi kwenye maungio ya kuchomelea na kuzunguka viungo vyote. Mstari mwembamba kwenye rangi unaoficha vumbi jekundu na usiofutika unaweza kuwa ufa wa fremu. Ufa nao hulia, na hauponi kwa beringi mpya. Usiiendeshe baiskeli hiyo.

Jaribio linalotoa hukumu

Toa gurudumu la nyuma, kisha toa bolti moja inayoishika shokapu, ile ya upande ulio rahisi kufikiwa. Huna haja ya kuifungua shokapu yenyewe, na usithubutu kufungua mwili wake ukiwa na upepo ndani. Sasa mkono wa nyuma uko huru. Uinue kwa mkono hadi mwisho wa mwendo wake na uuache ushuke polepole. Unapaswa kushuka kwa uzito wake wenyewe, laini, bila kusita. Ukisita mahali pamoja, au ukihisi kama unapita juu ya chembe za mchanga, au ukibaki umesimama hewani, kiungo mojawapo kimekufa. Kukijua ni kipi, fungua viungo kimoja kimoja ukianzia kwenye linki, na kila ukifungua kimoja zungusha pete ya ndani ya beringi kwa kidole.

Ile ya yule kijana niliifungua mbele yake. Sili ilipoinuliwa kwa ncha ya sindano ilitoka grisi iliyogeuka uji mwekundu wa kahawia, na ndani yake gololi zilikuwa zimesogea upande mmoja, kwa sababu ukanda mwembamba unaozitenganisha ulikuwa umeoza na kukatika. Nilipoifuta pete ya ndani kwa spiriti na kuigeuza kwenye mwanga, vilionekana vishimo vidogo vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kama alama za kucha kwenye sabuni, kila kimoja mahali ambapo gololi moja ilikuwa imelala kwa muda mrefu.

Vishimo hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini beringi ya kiungo haifi kama ya gurudumu. Ya gurudumu huzunguka mzunguko kamili maelfu ya mara, na kila mzunguko hugawa grisi upya na kugawa mzigo juu ya pete nzima. Ya kiungo haizunguki kamwe. Inakwenda nyuzi chache mbele na kurudi nyuzi zilezile, kwa hiyo kila gololi inasugua kipande kilekile cha pete, inaisukuma grisi pembeni, na grisi hairudi. Tikisa baiskeli juu ya mawe kwa msimu mmoja na chuma kinaguswa na chuma. Ongeza maji, na kutu inamaliza kazi. Ndiyo maana watengenezaji huuza beringi maalumu za viungo zisizo na ukanda, zilizojazwa gololi pete nzima ili mzigo ugawanywe juu ya nyingi zaidi, na ndani zikajazwa grisi kadiri zinavyoweza kubeba. Beringi ya namna hiyo haifai kwa mwendo wa kasi, lakini kiungo hakina kasi.

Kununua iliyo sahihi

Usiulizie beringi kwa jina la baiskeli. Ulizia kwa namba iliyochongwa kwenye pete au kwenye sili. Fremu nyingi hutumia 6800, 6801, 6802, 6803, 6900, 6901, 6902, 6903 au 608, na tarakimu mbili za mwisho za zile zenye tarakimu nne hutaja tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Beringi ya 6902 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha 28 na unene wa 7, wakati 6802 ina tundu hilohilo la 15 lakini nje ni 24 na unene ni 5. Muuzaji aliyezoea pikipiki za bodaboda anaweza kukupa 6202 kwa kuwa tundu lake nalo ni milimita 15, lakini kipenyo chake cha nje ni 35 na unene ni 11, na haitaingia popote kwenye fremu yako. Nenda na beringi ya zamani mfukoni, na kama namba imefutika kwa kutu, pima vipimo vitatu kwa kaliba: tundu, nje, unene.

Angalia pia herufi zinazofuata namba. 2RS maana yake ina sili za mpira pande zote mbili, nayo ndiyo unayoitaka. ZZ ina vifuniko vya bati visivyogusa pete ya ndani, na vumbi la moramu litapita humo kabla ya mwezi kwisha. Alama ya C3, ambayo ni ya kawaida kwenye beringi za injini, maana yake gololi zimeachiwa nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya joto. Kiungo hakipati joto, kwa hiyo nafasi hiyo inageuka kuwa mchezo usio na faida. Baadhi ya fremu hutumia beringi ambayo pete yake ya ndani ni pana kuliko ya nje ili linki isisugue fremu. Hiyo haina mbadala dukani, isipokuwa utumie ya kawaida pamoja na pete nyembamba za kujazia zenye unene uleule.

Katika maduka ya vipuri ya Kampala, yakiwemo yaliyo katika Soko la Kisekka, beringi inauzwa kama kipuri cha gari na pikipiki, na muuzaji mwaminifu atakuruhusu kuizungusha kabla ya kulipa. Izungushe polepole ukiwa umeifunga kati ya vidole viwili. Mpya isiyo na kasoro inateleza kwa ukinzani mdogo ulio sawa muda wote. Inayokwaruza dukani itakwaruza barabarani. Ya bei rahisi kupita kiasi, yenye maandishi yaliyochapwa kwa kupinda na sili inayoinuka kwa ukucha bila nguvu, iache hapohapo.

Kabla ya kuiingiza, hata mpya, inua sili moja kwa ncha ya sindano, kwa kuanzia kwenye ukingo wa ndani, na uangalie grisi. Beringi za kawaida hutoka kiwandani na grisi kidogo tu kwa kuwa zimekusudiwa kuzunguka kwa kasi. Ijaze kwa grisi ngumu isiyoyeyuka kwa maji, ile inayotumika kwenye mashua na trela, hadi ionekane kati ya gololi zote, kisha rudisha sili kwa kidole. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila beringi, na kwa maoni yangu inaongeza uhai wake kuliko chapa yoyote iliyoandikwa juu yake.

Kuitoa ya zamani

Piga picha kila hatua, na panga bolti, washa na pete za kujazia kwenye kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka, upande wa kulia mbali na wa kushoto. Washa moja iliyorudishwa upande usio wake hutosha kuleta mlio mpya. Kama kuna pete ya chuma inayoibana beringi kwenye tundu, itoe kwa koleo lake kwanza. Nimeona tundu lililopasuka kwa sababu mtu aliigonga beringi bila kuiona pete hiyo chini ya uchafu.

Nyundo inafaa tu pale ambapo fremu imeegemezwa vizuri upande wa pili, kwa kipande cha mti chenye tundu, na hata hapo naiepuka. Kifaa ninachokitumia kila siku ni chuma cha duara chenye hesi, cha milimita 8, kirefu kama sentimita 20, nati mbili na soketi mbili. Soketi moja iwe pana kuliko beringi, isimame upande ambao beringi itatokea na kuegemea fremu kuzunguka tundu. Ya pili iwe nyembamba kidogo kuliko pete ya nje, isimame upande wa kusukuma. Pitisha chuma katikati ya vyote, kaza nati kwa spana mbili, na beringi inateleza kuingia ndani ya soketi pana bila pigo hata moja. Beringi iliyo katika tundu lisilopenya upande wa pili inahitaji kifaa cha kuivuta kinachopanuka ndani ya pete. Usipokuwa nacho, mpelekee fundi aliye nacho, maana kuichokonoa kwa bisibisi huacha makovu kwenye tundu.

Ikigoma, ipashe moto fremu ya alumini kwa kumwagia maji ya moto kuzunguka tundu, au kwa mashine ya kukaushia nywele. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma: tundu la milimita 28 lililoongezewa joto la nyuzi 60 hupanuka kwa takribani milimita 0.04, wakati beringi iliyo ndani yake hupanuka kwa nusu ya hapo tu, na tofauti hiyo ndogo mara nyingi inatosha kuiachia. Usitumie moto wa gesi wala jiko la mkaa. Fremu ya kaboni usiipashe kabisa, kwa kuwa pete za alumini zilizo ndani yake zimeshikwa kwa gundi.

Kuiingiza mpya

Futa tundu kwa kitambaa chenye spiriti hadi kitoke cheupe. Pitisha kidole ndani ukitafuta ukingo ulioinuka, na ukiupata, uondoe kwa msasa laini sana kwa kugusa palepale tu, bila kulipanua tundu. Paka ndani ya tundu grisi nyembamba kama mafuta ya ngozini, ambayo kazi yake ni kuzuia chuma na alumini kulana wakati maji yakiingia. Beringi yenyewe iweke kwenye friza kwa saa moja ikiwa ipo karibu.

Sasa inakuja kanuni ambayo ndiyo sababu kubwa ya beringi mpya kufa ndani ya mwezi: unapoingiza, nguvu ipite kwenye pete ya nje peke yake. Ukisukuma kwenye pete ya ndani, nguvu yote inapitia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo vilevile nilivyovieleza, kabla baiskeli haijatoka karakanani. Soketi ya kusukumia iwe na kipenyo kidogo kidogo tu kuliko cha beringi. Kwa 6902 yenye nje ya milimita 28, soketi yenye kipenyo cha nje cha 26 au 27 inakaa juu ya pete ya nje bila kugusa sili. Kwenye upande wa pili weka soketi pana au kipande bapa cha chuma.

Anza kukaza kwa vidole. Beringi ikiingia imepinda, simama, irudishe nyuma na uanze upya, kwani inayolazimishwa kwa kupinda hukwangua tundu na haitakaa sawa tena. Ikiwa imenyooka, kaza kwa spana robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukinzani unakuwa sawa kwa muda wote, kisha ghafla unakuwa mkubwa. Hapo imefika chini, usiongeze. Zungusha pete ya ndani kwa kidole: izunguke kwa uzito ule uliouhisi dukani, au zaidi kidogo. Ikiwa imekaza mno, tundu ni dogo au kuna uchafu nyuma yake. Paka grisi nje ya sili, juu ya ekseli ya kiungo na kwenye uso wa washa zote. Hesi za bolti, kinyume chake, zisiwe na grisi, bali zifutwe kwa spiriti na kutiwa gundi ya nguvu ya kati, kama Loctite 243, tone moja tu, likae mbali na sili.

Kaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu. Mkono uliozoea nati za magari huikaza bolti ndogo ya alumini mpaka inakatika, au huibana beringi hadi pete zake zinavutana kando. Baada ya kila bolti, inua na shusha mkono wa nyuma kabla ya kurudisha shokapu. Ukiwa mzito baada ya bolti fulani, rudi kwenye bolti hiyo, tazama kama washa yake imesahauliwa au imegeuzwa.

Ikiwa tundu limelegea

Wakati mwingine beringi mpya inaingia kwa kidole tu, bila soketi wala spana. Maana yake pete ya nje ya ile ya zamani ilikuwa inasogea ndani ya tundu na kulila. Wapo wanaochimba alama kwa tindo ndani ya tundu ili liishike beringi. Alama hizo hushika kwa safari chache, kisha zinalazwa na tundu linabaki baya zaidi. Ikiwa pengo ni dogo kiasi kwamba beringi haichezi kwa kuonekana, futa pande zote mbili kwa spiriti, usiweke grisi, na utumie gundi ya kushikia beringi, kama Loctite 641, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo na inaruhusu kuitoa beringi siku nyingine. Acha saa 24 kabla ya kuibebesha mzigo. Ikiwa unaiona beringi ikicheza kwa jicho, au tundu limekuwa la yai, gundi haitoshi. Hapo ni kazi ya fundi wa mashine ya kukereza, naye atahitaji fremu nzima na beringi mpya mbele yake ili apime pete ya kujazia.

Baada ya kazi

Gundi ya hesi inahitaji saa 24 ili ikomae kabisa, kwa hiyo kazi ikimalizika jioni, baiskeli ilale. Safari ya kwanza iwe fupi, na baada yake pitisha spana ya kupima kwenye kila bolti bila kuilazimisha, kuona tu kama imebaki pale ilipokazwa. Mlio ukiwa bado upo na mkono wa nyuma ulishuka laini kabla ya kurudishiwa shokapu, viungo vimeshajitetea. Rudi kwenye bushi za shokapu, bolti za meno ya mbele na kishikio cha derela (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni), kwa mpangilio huo.

Kuhusu kuosha: yule kijana alikuwa akiipeleka baiskeli kila Jumamosi mahali pa kuoshea magari na bodaboda, ambako bomba la shinikizo lilielekezwa moja kwa moja kwenye viungo kwa sababu ndiko udongo uliko mwingi. Sili ya beringi imetengenezwa kuzuia vumbi na maji yanayorushwa na tairi. Haiwezi kuyazuia maji ya pampu. Ndoo, sabuni na brashi laini vinatosha, na udongo mzito wa Elgon hulainika wenyewe ukilowekwa kwa dakika chache. Katika mvua za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, nawashauri wanaoendesha kila wiki wafanye jaribio la mkono wa nyuma mara moja kila mwezi. Wakati wa kiangazi kila baada ya miezi mitatu inatosha, mradi baada ya kuosha waichezeshe shokapu mara kadhaa na kupitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo kabla ya kuiegesha.